RAHELI ALIKATAA KUFARIJIWA

Mahubiri ya siku ya kuwakumbuka watoto wa Bethlehemu, 28 Desemba
Masomo: Kutoka 1:15–21, Mathayo 2:13–18



Siku tatu tu baada ya Krismasi, kalenda ya Kanisa letu yatuwekea siku ambayo wengi wetu twaipita bila kuiona. Mapambo yangali kanisani, watoto wangali na nguo zao mpya, na kwaya haijachoka kuimba habari za hori na wachungaji. Ndipo somo la Injili latupeleka Bethlehemu ya namna nyingine: askari wa Herode wamefika, na akina mama wanalia. Wako wanaouliza, kwa nini Kanisa lituharibie furaha upesi namna hii? Swali hilo ndilo nitakalo kulijibu leo. Katika kulijibu nitatumia msaada wa kitabu ambacho baadhi ya vijana wetu wa sekondari wamekisoma kwa Kiingereza, na ambacho wazazi wao wengi hawajakisikia.

Kitabu hicho chaitwa The Giver. Kwa lugha yetu tungesema Mpaji. Kiliandikwa na mama mmoja wa Marekani, Lois Lowry, kikatolewa mwaka 1993, na mwaka 1994 kikapewa Nishani ya Newbery, ambayo hutolewa nchini humo kila mwaka kwa kitabu cha watoto kilichopita vingine. Ni hadithi ya kubuni. Lakini asiwepo mtu wa kusema kwamba hadithi ya kubuni haina kazi katika mahubiri. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kumshitaki. Alimsimulia habari za tajiri, na maskini, na mwana-kondoo mmoja. Mfalme akamkasirikia sana mtu wa hadithi kabla hajatambua kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe (2 Samweli 12). Basi nasi tusikilize kwa uangalifu.

MJI USIO NA KILIO

Kitabu chasimulia mji wa wakati ujao, uliopangwa vizuri kupita miji yote tuijuayo. Hakuna njaa, hakuna vita, hakuna matusi. Kila nyumba hupewa watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wala haipati zaidi. Kazi ya kila mtu huchaguliwa na wazee. Watu huombana radhi kwa kila kosa dogo. Hata katika usemi ni wakali: mtoto mdogo akikosea neno hurekebishwa, na akirudia huchapwa, kwa kuwa mji wataka kila neno lisemwe kwa usahihi.

Ili wapate amani hiyo, watu wale wametoa kitu kimoja: kumbukumbu. Hawajui vita, hawajui Krismasi, hawajui babu wala bibi, wala rangi za maua hawazioni tena. Kumbukumbu zote za ulimwengu zimewekwa ndani ya mzee mmoja, naye huzibeba peke yake, furaha na maumivu pamoja. Kijana mmoja wa miaka 12, aitwaye Jonas, amechaguliwa kuzipokea kutoka kwake. Ndiyo maana mzee huyo huitwa Mpaji.

Na liko neno moja ambalo kila mtu wa mji ule hulitumia: kuachiliwa. Mzee akizeeka hufanyiwa karamu, husimuliwa habari za maisha yake, kisha huachiliwa. Mtu akivunja sheria mara tatu huachiliwa. Kichanga asiyekua vizuri huachiliwa. Na wakizaliwa mapacha wanaofanana, mmoja huachiliwa, kwa sababu mji hautaki watu wawili wenye sura moja. Wanaoachiliwa, watu wanaamini, huenda Kwingineko. Hakuna anayeuliza Kwingineko ni wapi.

Sasa twafika sura ya 19. Baba yake Jonas kazi yake ni kulea vichanga. Ni mtu mpole, anayependa kucheza na watoto. Nyumbani kwake amemleta kichanga mmoja dhaifu aitwaye Gabriel, alale huko usiku, ili apate nguvu. Asubuhi ile mapacha wamezaliwa, na kazi ya kuchagua ni yake. Jonas ana hamu ya kuona sherehe ya kuachilia, naye mzee anamwonyesha picha zilizochukuliwa siku hiyohiyo katika chumba cha baba yake.

Hakuna sherehe. Kuna chumba kidogo, meza, na mizani. Baba anawapima. Mmoja ana ratili 6 kamili, mwingine ratili 5 na wakia 10. Yule mzito anachukuliwa na mwenzake wa kazi, apelekwe kulelewa. Yule mwepesi anabaki. Baba anaongea naye kwa sauti ya kubembeleza, kama tuongeavyo sote na watoto wachanga, kisha anachukua sindano na kumchoma katika mshipa wa paji la uso, maana mishipa ya mikono ni midogo mno. Mtoto analia kidogo. Anajitupatupa miguu na mikono. Kisha analegea, ametulia, macho nusu wazi. Jonas anaujua utulivu huo, kwa kuwa katika kumbukumbu alizopewa alikwisha kumwona kijana akifa vitani. Baba anaifuta meza, anamtia mtoto katika boksi dogo, anafungua kijilango cha ukutani kipelekacho taka, analisukuma boksi ndani, na kumpungia mkono wa kwaheri.

Kati ya mtoto aliyeishi na mtoto aliyekufa palikuwa na wakia 6. Haifiki robo kilo.

Katika sura hii naona mambo matatu ambayo Injili ya siku ya leo nayo inayasema.

KWANZA: NENO LINALOFICHA TENDO

Mji ule ulichapa watoto kwa kukosea neno dogo, huku neno lao kubwa kuliko yote lilikuwa uongo. Huo ndio ujanja wa dhambi. Haiji ikijiita dhambi. Huja na jina zuri, mara nyingi jina lililoibwa kwa Mungu. Kumwachilia mfungwa ni kazi aliyoitangaza Bwana wetu katika sinagogi la Nazareti (Luka 4:16–21), na watu wale wameitwaa kazi hiyo na kuifanya kifuniko cha sindano.

Nasi tusijione kuwa mbali. Wazee wetu wanalifahamu neno kigego, na kamusi zetu zingali nalo. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, aliitwa hivyo, na iliaminika kwamba akiishi ataleta msiba kwa jamaa zake. Katika baadhi ya makabila ya pwani yetu na bara yake aliuawa au kutupwa porini. Penginepo alitolewa kwa watu wa mbali. Mapacha nao waliogopwa hivyo mahali fulani. Waliofanya mambo hayo hawakujiona wauaji. Walijiona wanaondoa kisirani. Neno lilikuwa limekwisha kumvua mtoto utu wake kabla mkono haujamgusa.

Wala si mambo ya kale tu. Katika nchi yetu iko imani kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hutoweka. Tangu miaka ya 2006 na 2007 tumesikia habari za mauaji yao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na wengi waliokatwa viungo walikuwa watoto. Tazameni kazi ya neno hilo kutoweka. Mtu asiyekufa hawezi kuuawa. Na aliyetoweka hakuna anayeulizwa habari zake. Neno moja tu, nalo limemsafishia mwuaji njia.

PILI: MKONO WA MTU MWEMA

Kinachotutisha katika sura hii si ukatili, maana baba yake Jonas si mkatili. Herode twamfahamu, alikuwa mfalme mwenye wivu, na watu wote walijua. Baba huyu ni mtu ambaye sote tungependa awe jirani yetu. Anafanya alivyofundishwa, anafanya kwa mkono laini, na jioni atarudi nyumbani kula na watoto wake. Mzee Mpaji hamwiti mwovu. Anamweleza Jonas kwamba watu wale hawajui neno jingine wala njia nyingine.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yako katika hadithi tu. Huko Ujerumani, kuanzia mwaka 1939 hata Agosti 1941, serikali ya Hitler iliwaua kwa mpango watu zaidi ya 70,000 waliokuwa katika hospitali za wagonjwa wa akili na katika nyumba za kutunzia walemavu. Watoto pia waliuawa, wengi kwa kupewa dawa kupita kiasi katika wodi zilizotengwa. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa majambazi wa barabarani. Walikuwa madaktari, wauguzi, makarani na madereva. Tendo lenyewe waliliita kifo cha huruma. Kampuni ya magari yaliyowabeba ilikuwa na jina la kusafirisha wagonjwa kwa manufaa ya watu. Jamaa za marehemu waliandikiwa barua zenye sababu za uongo, hata wako walioambiwa kwamba mgonjwa wao amekufa kwa kidole tumbo, naye alikuwa amekwisha kupasuliwa na kutolewa kidole tumbo hicho zamani.

Tarehe 3 Agosti 1941, Askofu wa Kikatoliki wa Münster, Clemens August von Galen, alipanda mimbarani akaliita tendo hilo kwa jina lake: uuaji. Hakutumia neno jingine. Mahubiri yake yalinakiliwa kwa siri, yakapita mkono kwa mkono. Mwezi huohuo Hitler aliamuru mpango ule usimamishwe. Mauaji hayakukoma kabisa. Yaliendelea kwa kificho mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Kitabu cha Kutoka nacho chatuonyesha mikono iliyokataa. Farao aliwaagiza wakunga wa Waebrania wamwue kila mtoto mwanamume wakati wa kuzaliwa. Jambo lingetendeka kimya, penye kujifungulia, na mama angeambiwa tu kwamba mtoto hakujaliwa kuishi. Wakunga wale walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Nanyi angalieni jambo moja: Maandiko yametuhifadhia majina ya wanawake wale wawili, Shifra na Pua. Jina la Farao hayakulitaja.

TATU: KILIO KINACHOSEMA KWELI

Jonas alipokwisha kuona, alilia. Alikataa kurudi nyumbani usiku ule. Katika mji mzima ulioridhika, mtoto wa miaka 12 ndiye mtu pekee, pamoja na mzee wake, aliyemlilia pacha yule. Mtoto hakuwa na jina hata la kuandikwa juu ya boksi, kwa maana vichanga wa mji ule huitwa kwa namba mpaka wapewe majina katika sherehe ya mwezi wa Desemba. Lakini alipata mtu wa kumlilia, na kwa kilio kile akawa mtu.

Sasa mrudieni Mathayo. Anapokwisha kusimulia tendo la Herode hatoi maelezo ya kututuliza. Anamkumbuka Raheli wa kitabu cha Yeremia, anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa, kwa kuwa hawako. Siku nyingi watu wamedhani kwamba Raheli alikosa imani. Mimi nasema Raheli alikataa uongo. Alijua kwamba faraja nyingine ni sindano ya pili: ya kwanza humwua mtoto, ya pili huua kumbukumbu yake.

Tena Mathayo ana uangalifu ambao msomaji mwepesi huupita. Mahali pengine katika sura hiyohiyo asema kwamba jambo fulani lilitokea ili neno la nabii lipate kutimia. Afikapo kwenye watoto waliouawa habadili nabii tu, abadili na usemi: asema kwamba wakati ule ndipo neno lilipotimia. Hasemi kwamba Herode alitumwa aue ili andiko litimizwe. Mungu alijua, Mungu aliona, Mungu alisikia kilio. Lakini tendo lilikuwa la Herode, na Mathayo hamtwiki Mungu mzigo wa Herode.

Hapo, ndugu zangu, ndipo mahubiri haya yanapoingia katika mtaa wetu. Tunayo maneno tuyasemayo msibani. Mama amekufa akijifungua kwa sababu hapakuwa na gari la kumfikisha hospitali, au kwa sababu nyumba ilichelewa siku mbili ikingoja ruhusa ya mume aliye safarini. Tunakaa matangani, tunatikisa vichwa, twasema: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini je, ile ilikuwa kazi ya Mungu? Au ilikuwa kazi yetu, tukaiandika kwa jina lake? Sisi tusemao Mpaji ni Mungu tusimfanye Mungu kuwa kijilango cha ukutani cha kusukumia mambo tusiyotaka kuyatazama.

Na mtoto akifa wa siku moja, tunafanyaje? Mara nyingi huzikwa upesi na akina mama wachache, bila kengele, bila kasisi kuitwa, na mama yake huambiwa: usilie, utapata mwingine. Tunadhani tunamfariji. Yeye hataki mwingine. Anamlilia huyu, ambaye alimbeba miezi tisa na pengine amekwisha kumchagulia jina. Tumwache alie. Tukae naye. Tumwulize jina la mtoto, tulitaje katika sala za Jumapili pamoja na marehemu wengine wa mtaa. Namwomba kila mzee wa kanisa atoe habari za misiba ya namna hiyo kwa kasisi, kama atoavyo habari za misiba ya watu wazima. Nawaomba akina mama wa Umoja wawe wa kwanza kufika.

Tena wako watoto walio hai ambao tumekwisha kuwaachilia. Mtoto asiyeweza kutembea, anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Mtoto wa kifafa ambaye hakuletwa kubatizwa kwa aibu. Hakuna aliyewachoma sindano, lakini tumewahesabia wakia zao, tukawaona wamepungua. Mzazi mwenye mtoto kama huyo asingoje mpaka apone. Amlete. Penye maji ya ubatizo hapana mizani. Kasisi huuliza jina tu.

NJIA YA USIKU

Hadithi ya Jonas haiishi katika sura ya 19. Upesi anasikia kwamba Gabriel, yule kichanga dhaifu, naye ameandikiwa kuachiliwa kesho yake asubuhi. Anamchukua usiku, anampakia nyuma ya baiskeli ya baba yake, na kuukimbia mji. Hana ramani, chakula ni kidogo, na kadiri wanavyokwenda mbali baridi inazidi. Nisomapo hapo siwezi kuacha kumkumbuka Yusufu, aliyeamka usiku akamtwaa mtoto na mama yake, akashika njia ya Misri.

Lakini Yusufu alimwokoa mmoja. Watoto wa jirani zake walibaki. Injili haitufichi jambo hilo, wala haituelezi sababu yake. Yatuambia tu kwamba yule mmoja aliyeponyoka alirudi, akakua, na alipofika Yerusalemu hakuwa na wa kumtorosha usiku. Naye aliwekwa katika hesabu ya watu wakubwa, walioona ni heri mmoja aondolewe ili taifa lipate amani. Naye alikufa. Mungu ambaye twamwabudu amekaa upande wa mtoto wa pili.

Kwa sababu hiyo Kanisa halituharibii furaha siku hii ya tatu baada ya Krismasi. Laukataa mji wa Jonas. Latuwekea kumbukumbu zetu zote mezani, za hori na za msalaba, tuzibebe sote pamoja, asiachiwe mzee mmoja kuzibeba peke yake. Kila tukaribiapo Ushirika Mtakatifu twafanya vile Bwana alivyoagiza, kwa kumkumbuka. Basi mwenye kumkumbuka Yeye awakumbuke na wadogo wake.

Tuombe.

Ee Baba wa wote, uliyesikia kilio cha Raheli wala hukumkemea, tusikie tunapowalilia watoto wetu. Uyaondoe midomoni mwetu maneno mazuri yafunikayo matendo mabaya. Uwape wakunga, wauguzi na wazazi wote moyo wa Shifra na Pua. Uwapokee watoto wote walioondoka bila jina, uwaite kwa majina unayoyajua wewe. Nasi utupe ujasiri wa kuamka usiku, pale uhai wa mdogo mmoja utakapotutegemea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.